Anayeamua Kinachofuata Hewani

Jumamosi ya tarehe 8 Machi 2025 ilikuwa siku ya watani wa jadi: Yanga na Simba, Ligi Kuu, Uwanja wa Benjamin Mkapa, usiku. Kwa redio za Dar es Salaam siku kama hiyo hupangwa mapema, kuanzia wadhamini hadi mwandishi atakayekaa nje ya geti. Kumbe usiku wa kuamkia siku hiyo Simba walishatoa taarifa kwamba hawatacheza, kwa kuwa walizuiwa kuingia uwanjani kufanya mazoezi ya mwisho ambayo kanuni inampa mgeni haki ya kuyafanya. Yanga wakasema wao wanakwenda uwanjani. Baadaye siku hiyohiyo Bodi ya Ligi ikatangaza kwamba mchezo umeahirishwa. Kati ya taarifa ile na tangazo lile zilipita saa nyingi ambazo hakuna aliyeweza kuapa kama mechi ipo au haipo, na kila shabiki aliyepiga simu studio alikuwa na uhakika wake. Wasikilizaji walisikia sauti walizozizoea. Hawakumsikia mtu ambaye siku za namna hiyo huwa na kazi ngumu kuliko wote: yule anayeamua nani apigiwe simu sasa, taarifa ipi isomwe na ipi isubiri, na tangazo lipi la biashara liondolewe kwa sababu linawaita watu kwenye mechi ambayo huenda haitachezwa.

Mtu huyo ni mtayarishaji wa kipindi. Vijana wanaoota kuishi kwa redio ya michezo hawamtaji. Wanaotajwa ni watangazaji wenye majina ya utani na wachambuzi wenye takwimu vidoleni, na kila anayetafuta nafasi anatafuta kipaza sauti. Mimi nadhani wengi wao wamepanga foleni kwenye mlango usio wao. Anayetaka kujenga kazi ya miaka 20 katika redio ya michezo ya Kiswahili, si umaarufu wa misimu mitatu, ana nafasi nzuri zaidi akianzia upande wa pili wa kioo cha studio. Ni kweli kwamba huko hakuna msongamano, lakini hiyo ni sababu ndogo. Sababu kubwa ni kwamba yale yanayoibadilisha redio hivi sasa, kuanzia haki za matangazo hadi simu za mkononi, yanampandisha thamani anayepanga kuliko anayesema.

Haki za matangazo ndizo zilizogeuza biashara yenyewe. Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi mwaka 1994, na katika miaka ya Radio Tanzania Dar es Salaam sauti ya mtangazaji uwanjani ndiyo iliyokuwa mechi kwa mtu aliyeko Songea au Musoma. Ndiyo maana majina ya Ahmed Jongo na Charles Hilary bado yanatajwa kwa heshima, kama Leonard Mambo Mbotela anavyotajwa kwa Wakenya waliokua wakisikiliza Sauti ya Kenya. Hali ya leo ni nyingine. Mwaka 2021 Azam Media ilisaini na Shirikisho la Soka (TFF) mkataba wa miaka 10 wa kuonyesha Ligi Kuu, wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6, na mwaka huohuo haki za kuitangaza ligi redioni zikaenda kwa shirika la utangazaji la taifa, TBC. Kwa kituo kingine cha redio, dakika 90 zenyewe si zako. Ulichobaki nacho ni saa kabla ya mechi na saa baada ya mechi: mjadala, mahojiano, taarifa za majeruhi, simu za wasikilizaji, kumbukumbu za mwaka juzi. Ukiwa na mechi, mpira unakupangia kipindi. Usipokuwa nayo, lazima awepo mtu wa kukipanga, na asiye na mpangilio atajaza saa mbili kwa watu watatu wanaokatana kauli.

Kupanga kwenyewe ni kazi ya hesabu kabla ya kuwa kazi ya kipaji. Katika saa moja toa matangazo ya biashara, toa habari fupi, toa jingo na salamu, na unabaki na dakika arobaini na kitu ambazo kila mtu studioni anaziona ni zake. Mchambuzi anataka zote. Mdhamini anataka jina lake litajwe kabla na baada. Kocha aliyekubali kuhojiwa saa 2:20 usiku hapokei simu hadi 2:31, na akipokea, mtandao unakatika. Mtayarishaji mzuri anaingia kazini akiwa na mpangilio ulioandikwa, kila kipengele na dakika zake, na pembeni ana vipengele viwili vya akiba vilivyokwisha kurekodiwa, ili kocha asipopatikana msikilizaji asijue kwamba kulikuwa na kocha. Kipindi kikiwa hewani anazungumza na mtangazaji kwa spika za masikioni, kwa maneno machache sana: malizia, muulize kuhusu mkataba, tuna mtu kutoka Mwanza, dakika moja. Simu za wasikilizaji hazirushwi hivihivi. Kuna mtu anayepokea kwanza, anauliza jina, mahali na hoja, na vituo vyenye vifaa huchelewesha sauti kwa sekunde chache ili tusi likatwe kabla halijamfikia mtoto wa mtu sebuleni.

Historia ya fani hii nayo inaonyesha kwamba uvumbuzi mwingi ulitoka kwa watu wasiosikika. Januari 1927 BBC ilipoanza kutangaza raga, na wiki moja baadaye kandanda, moja kwa moja kutoka uwanjani, tatizo lilikuwa la msingi kabisa: msikilizaji atajuaje mpira uko wapi? Jibu halikutoka kwa Teddy Wakelam aliyekuwa akitangaza. Lilitoka kwa mtayarishaji Lance Sieveking, aliyepanga uwanja ugawanywe katika miraba yenye namba, mchoro wake ukachapishwa kwenye gazeti la Radio Times, na mtu wa pili kibandani akawa anataja namba ya mraba wakati Wakelam anasimulia. Mechi ya kandanda ya tarehe 22 Januari, Arsenal dhidi ya Sheffield United kwenye uwanja wa Highbury, ilisikilizwa na watu walioshika mchoro huo mkononi. Miaka 21 baadaye, tarehe 3 Januari 1948, BBC ilianzisha kipindi cha Sports Report chini ya mtayarishaji Angus Mackay. Mackay alitaka jambo lililoonekana haliwezekani kwa mitambo ya wakati ule: mechi za nchi nzima zikimalizika Jumamosi jioni, baada ya muda mfupi tu msikilizaji apate matokeo na taarifa fupi fupi kutoka mji mmoja hadi mwingine, bila mwandishi hata mmoja kuzidisha muda wake. Alikisimamia hadi mwaka 1972. Watangazaji wa kipindi hicho wamebadilika mara nyingi tangu hapo, lakini mpangilio wake umeishi kuliko wote.

Atakuja mtu aseme kwamba hayo ni ya London, na kwamba kwenye vituo vyetu cheo hicho hakipo. Pingamizi hili ni zito kuliko mengine, na nusu yake ni kweli. Katika vituo vingi vya Kiswahili, hasa vya mikoani, mtangazaji ndiye mtayarishaji, ndiye mpokea simu, na fundi mitambo asipofika ndiye fundi mitambo. Hakuna tangazo la ajira litakaloandika kwamba anatafutwa mtayarishaji wa michezo. Lakini kazi haikosekani kwa sababu cheo hakipo. Inafanywa nusunusu na mtu ambaye akili yake iko kwenye kuongea. Dar es Salaam vituo husajiliana watangazaji na wachambuzi kama vilabu vinavyosajiliana wachezaji, na kundi zima la kipindi linaweza kuhamia mtaa wa pili ndani ya wiki moja. Kituo kinachoachwa kinagundua siku hiyo kwamba orodha ya namba za simu, ahadi za wageni na utaratibu wa kipindi vyote vimeondoka vichwani mwa waliohama. Meneja aliyepatwa na hilo mara moja haulizi tena kazi ya mtayarishaji ni nini. Na kijana anayeingia kama msaidizi wa kipindi, akaanza kuandika mpangilio bila kuombwa, kuhifadhi namba, kupanga sauti za zamani kwa tarehe na majina, baada ya msimu mmoja anakuwa mtu ambaye kipindi hakiendi bila yeye. Cheo huja baadaye. Mara nyingine hakiji, na hapo ndipo anapohamia kwingine na ujuzi wake.

Namba za simu zinastahili kuongelewa zaidi, kwa sababu ndiko uvivu wa redio zetu za michezo unakoonekana. Alfajiri ya Jumatatu ya tarehe 15 Septemba 2025, Alphonce Simbu alishinda marathoni ya mashindano ya dunia jijini Tokyo kwa saa 2:09:48, akimpita Mjerumani Amanal Petros kwa sekunde 0.03. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo, na kwa tofauti ya saa mbio zilikwisha kabla hapa hakujapambazuka. Yaani kipindi cha asubuhi kilikuwa na saa chache tu za kujiandaa kwa habari kubwa kuliko zote za michezo ya nchi mwaka ule. Mtayarishaji ambaye simu yake imejaa wasemaji wa vilabu vya Kariakoo, wa kumpigia alikuwa nani? Aliyekuwa na namba ya kocha wa riadha wa Arusha, ya mwanariadha mstaafu, ya mtu wa nyumbani kwao Singida, alikuwa na kipindi. Aliyekuwa hana alisoma matokeo, akapiga wimbo, akarudi kwenye usajili wa Simba. Namba hizo hazipatikani siku ya dhahabu. Zinatafutwa Februari, wakati hakuna anayezihitaji. Simbu mwenyewe alikuwa wa tano Olimpiki ya Rio mwaka 2016 na wa tatu mashindano ya dunia ya London mwaka 2017, kwa hiyo muda wa kumtafuta ulikuwepo.

Pingamizi la pili linatoka kwa wauza matangazo: msikilizaji anataka ubishi, anataka Simba na Yanga, na mtayarishaji mwenye mipango yake ataishia kutayarisha kipindi kisicho na mtu. Sipuuzi hoja hii. Ubishi wa watani ni utamaduni, una utani wake na ufasaha wake, na redio inayoukimbia inajidanganya. Lakini hata ubishi una mtayarishaji, au hauna, na tofauti inasikika. Chukua tarehe 8 Mei 2021: mechi ya watani ilipangwa saa 11 jioni, siku yenyewe ikasogezwa hadi saa 1 usiku, Yanga wakafika kwa saa ya kwanza na kuondoka, Simba wakaja kwa saa ya pili, mashabiki wakabaki jukwaani, mchezo ukafa. Kipindi cha kesho yake kingeweza kuwa saa mbili za kutupiana lawama. Kingeweza pia kuanza na kanuni ya ligi inayohusu kubadilisha muda wa mchezo, isomwe kwa Kiswahili cha kawaida, halafu watu wabishane wakiwa wanabishania kitu kimoja. Ubishi wa namna ya pili hausinzishi mtu. Unawasha moto zaidi, kwa kuwa kila upande umepewa kuni. Wasemaji wa vilabu vikubwa, ambao baadhi yao walitoka kwenye vyombo vya habari, wanaujua mchezo huu kuliko studio nyingi: wanapiga simu wenyewe, wanachekesha, wanajaza dakika 15 bure, na kituo kisicho na mtayarishaji hugeuka ofisi yao ya habari bila kujijua.

Tena kuna upande wa sheria, ambao wapenda ubishi huukumbuka barua ikishafika. Kituo kinatangaza kwa leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA), na kosa la kipindi kimoja hukiadhibu kituo kizima. Mwaka 2020 vituo viwili vikubwa vya Dar es Salaam vilifungiwa siku 7 kila kimoja, ndani ya wiki chache, kwa makosa yaliyotokana na vipindi. Makosa yale hayakuwa ya michezo, ila michezo ina hatari zake: mwamuzi anayeitwa mla rushwa bila ushahidi, mchezaji anayedaiwa kukimbia kambi, mkataba wa mtu unaosomwa hewani kutoka kwenye picha iliyosambazwa WhatsApp. Anayesimama kati ya uvumi huo na leseni ya kituo ni mtu wa kuuliza swali moja, nani mwingine amethibitisha, na mwenye mamlaka ya kusema haiendi. Mtangazaji aliyeko hewani, damu imechemka na simu zinaita, si mtu wa kuachiwa uamuzi huo peke yake.

Pingamizi la tatu ni la nyakati: matokeo yako kwenye simu, mabao yako Instagram, redio ina nini? Hapa BBC ilijifanyia jaribio bila kukusudia. Agosti 2022, kipindi kilekile cha Sports Report kilipofupishwa kupisha mechi ya moja kwa moja, usomaji wa matokeo yote ya Jumamosi uliondolewa, na mantiki ilionekana haina kasoro, kwa kuwa kila mtu anayo tayari. Wasikilizaji wakalalamika, wakiwemo wasioona ambao kwao usomaji ule haukuwa pambo, na BBC ikaurudisha ndani ya msimu uleule. Msikilizaji hakuhitaji matokeo yenyewe tu. Alihitaji mtu wa kumkusanyia siku nzima na kumpa kwa mpangilio. Dereva wa daladala, mlinzi wa usiku na mama anayefunga duka Tandahimba wana sababu hiyohiyo. Simu, kwa upande wake, imemwongezea mtayarishaji kazi. Studio za siku hizi zina kamera, kipindi kinakwenda YouTube, na kipande cha sekunde 40 kinachosambaa ndicho kinachowaleta wasikilizaji wa kesho. Lazima awepo mtu wa kusikia wakati kipindi kinaendelea kwamba kipande ni kile, akiandike muda wake, na ahakikishe hakikatwi kwa namna inayompotosha aliyesema. Mtangazaji hawezi kujisikiliza hivyo.

Basi anayeingia aingie vipi? Cheti kwanza, kwa sababu ni sheria: Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 na kanuni zake zinamtaka mwandishi wa habari awe na angalau stashahada, na Bodi ya Ithibati ya Waandishi wa Habari imeshaanza kazi. Baada ya hapo, ningemshauri asikimbilie Dar es Salaam. Ligi imetawanyika nchi nzima: Mashujaa wako Kigoma, Namungo Ruangwa, Coastal Union Tanga, Pamba Jiji Mwanza. Studio za Dar zinahitaji kila wiki mtu wa kuaminika aliyepo Kigoma au Tanga, anayejua jina la daktari wa timu na anayeweza kutuma sauti safi ya dakika moja kabla gari la wachezaji halijaondoka. Redio ya mkoani inamlipa kidogo, pengine kidogo mno, lakini inampa vitu ambavyo Dar humpa mtu baada ya miaka: kuendesha mitambo mwenyewe, kukosea kukiwa na wasikilizaji wachache, kuhariri sauti kwa kompyuta ya zamani, na kutengeneza kipindi cha netiboli au ngumi bila kuomba ruhusa kwa mtu. Lugha nayo. Anayeweza kumwandikia mtangazaji sentensi tatu za kufungulia kipindi, fupi, zinazotamkika kwa pumzi moja, huyo hakosi kazi. Nimesoma sentensi za kutosha zilizoandikwa kama barua ya wizara.

Kuhusu fedha lazima tusemane ukweli. Sehemu kubwa ya udhamini wa vipindi vya michezo siku hizi inatoka kwenye kampuni za kubashiri, hizohizo zinazodhamini vilabu. Mtayarishaji atakuwa kwenye meza ambapo mdhamini anaomba uchambuzi wa mechi umalizike na mkeka wa siku, na mchambuzi analipwa kuusoma. Sina hakika kwamba kuna kituo kinachoweza kukataa kabisa. Kinachowezekana ni kutenganisha: tangazo lisikike kuwa ni tangazo, uchambuzi ubaki uchambuzi, na onyo la umri lisisomwe kwa kasi ya mnada. Mshahara wa mtayarishaji kwa kawaida haufikii wa sauti maarufu, na dili za matangazo binafsi, zinazowanenepesha watangazaji, hazimfikii kabisa. Anayetaka gari ndani ya miaka miwili atafute kipaza sauti, na bahati.

Asiyetafuta hilo ana tatizo moja la kiutendaji ambalo watangazaji hawana. Mtangazaji akiomba kazi anapeleka sauti yake. Mtayarishaji anapeleka nini, ikiwa kazi nzuri ni ile isiyoonekana? Ahifadhi mipangilio ya vipindi vyake, ule wa asubuhi na ule uliotumika kweli jioni, ukiwa na mikwaruzo ya kalamu yote: kilichofutwa, kilichohamishwa, saa ngapi na kwa sababu gani. Mpangilio wa siku kama ile ya 8 Machi, ukiwekwa mezani pamoja na rekodi ya kipindi, unamwonyesha meneja ndani ya dakika 10 jinsi mtu huyu anavyofikiri mambo yakiharibika. Aombe pia jina lake litajwe mwisho wa kipindi. Ni sekunde tano, na vituo vingi havizitoi mpaka mtu aziombe.